Almasi Iliyojazwa Wino

Siku niliyostaafu na kukabidhi funguo za kabati, vijana wa ofisini waliniomba niwaandikie mambo ambayo hayamo kwenye miongozo. Niliwauliza kama miongozo yenyewe wameisoma. Walicheka, na kicheko si jibu. Hata hivyo nimekaa hapa kijijini Karambi miezi miwili sasa, kahawa imekwisha kuchumwa, mvua inanifungia ndani kila alasiri, na nimeona heri niandike kuliko kuendelea kuwapigia simu kuuliza kama printa imetengenezwa.

Habari za vyeo nitaziruka. Kazi yangu ilikuwa moja tu miaka yote: kwenda kwa watu, kusikiliza shughuli zao zinavyokwenda, kuzichora kwa visanduku na mistari, kisha kumpa mchoro huo mtu wa kuandika programu ya kompyuta. Jina la kazi hiyo lilibadilishwa mara nne. Visanduku vilibaki visanduku.

Nilijifunza kuchora kabla sijaiona kompyuta. Mwalimu wangu katika chuo cha ufundi pale Kasese alikuwa Mzee Thembo, ambaye ujana wake wote alikuwa mchoraji wa ramani za mgodi wa shaba, kule juu Bulembia. Mgodi uliposimama alishuka mjini na ubao wake wa kuchorea, rula yenye umbo la T, kalamu tatu za wino na wembe wa kukwangulia makosa. Siku ya kwanza alitupa kazi ya kuchora meza. Nilichora meza nzuri, na kwa kuwa nafasi ilibaki, upande mmoja nikaupigia mstari uliokatika-katika, kama upindo wa kitambaa.

Mzee Thembo aliinama juu ya karatasi yangu.

"Kabugho, hapa kuna nini?"

"Ni pambo, Mwalimu."

"Mstari uliokatika ni ukingo uliopo lakini hauonekani, umefichwa na kitu. Fundi akiusoma huu atautafuta ubao uliojificha. Asipouona atadhani yeye ndiye mjinga, na ataupigilia."

"Lakini ni meza tu, Mwalimu."

"Kule mgodini mstari kama huo ulikuwa shimo la zamani limejaa maji nyuma ya mwamba. Mwenye kutoboa mwamba anausoma, anajua aishie wapi. Wewe ukichora mapambo, siku nyingine hatakuamini. Na usipouchora mahali ulipo..." Alinipa wembe, nikakwangua.

Baada ya chuo nilichora mabomba ya maji ya mtiririko huko Bugoye kwa miaka kadhaa. Chemchemi, tangi, bomba, koki. Ilikuwa kazi ya amani. Alama ya koki ilikuwa koki, na fundi wa Bugoye na fundi wa Bwera waliisoma sawasawa hata kama hawakusalimiana. Kisha kompyuta zikaja, ubao wangu ukawa mahali pa kuwekea birika, nami nikapelekwa Kampala kwenye mafunzo ya kuchora mifumo.

Mhadhiri alikuwa kijana mwenye haraka. Alichora visanduku viwili ubaoni, kimoja "Mteja" na kingine "Oda", akaviunganisha kwa mshale. Niliinua mkono nikauliza mshale unasema nini. Akasema unaonyesha uhusiano. Nikauliza uhusiano gani. Akasema inategemea. Nilikuwa mkubwa kwa umri kuliko wote darasani, kwa hiyo walidhani sijaelewa, na msichana aliyeketi jirani yangu akaninong'oneza kwa huruma kwamba nitazoea. Nilizoea. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na nilipewa cheti kwa ajili yake.

Niliporudi Kasese nilijiunga na ofisi ndogo iliyotengeneza mifumo ya vyama vya wakulima na vituo vya afya. Hapo nilimkuta Mbusa, mwandishi wa programu. Wale mliomkuta amezeeka mnamjua. Wakati ule alikuwa kijana mwembamba, msemaji wa maneno machache, na alikuwa na sifa moja ambayo sikuithamini ipasavyo: alifanya kile mchoro ulichosema, hakuongeza wala hakupunguza.

Mwaka wangu wa kwanza pale nilichora mfumo wa chama kimoja cha kahawa. Nilitia mshale kutoka "Kahawa" kwenda "Ghala". Mtunza ghala aliutazama akasema sawa, kahawa inakwenda ghalani. Mwenyekiti akasema sawa, kahawa ni mali ya ghala. Mbusa yeye aliusoma kwamba hakuna kahawa bila ghala lake. Wote watatu walitia sahihi karatasi moja. Msimu ulipofika, wakulima wa mlimani walikuja kuandikisha kahawa iliyokuwa bado mikekani inakauka, na kompyuta ikawaambia kwamba kahawa hiyo haipo. Tulirekebisha kwa saa moja, mwenyekiti akatununulia soda. Kwa kuwa hakuna aliyeumia, hakuna aliyejifunza.

Kisha hali ya upande wa pili wa mpaka ikawa mbaya, na watu wa Beni na wa njia ya Butembo wakaanza kuvuka kwa wingi hapo Mpondwe. Shirika moja la misaada lilifungua kituo cha kuwapokea karibu na Bwera, likatuomba mfumo wa kuwaandikisha. Daftari hilo la kompyuta lilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa chakula na sabuni: kila wiki familia inaitwa, majina yanasomwa, inapewa. Ya pili ilikuwa kutafutana. Mtu aliyepotezana na ndugu zake angeweza kupiga simu kwenye dawati la kituo, akataja majina, karani akaangalia kama wamepita hapo.

Nilichora kisanduku cha "Kaya" na kisanduku cha "Mtu". Ilibaki kuviunganisha. Mwongozo wa alama ulinipa njia tatu: mstari mtupu, mstari wenye almasi nyeupe kichwani, yaani kile kipembenne kinachosimama kwa ncha, na mstari wenye almasi iliyojazwa wino. Kuhusu hiyo ya wino, mwongozo ulisema kwamba sehemu ni mali ya kitu kizima, na huishi na kufa pamoja nacho. Nilikuwa nimeisoma sentensi hiyo. Niliisoma kama methali.

Mbusa alikuja mezani kwangu na karatasi.

"Madam, hii nyeusi umeikusudia?"

"Familia ni kitu kimoja, Mbusa. Ukiweka nyeupe wanaonekana kama watu waliokutana stendi."

"Na kaya inafungwa lini?"

"Mkuu wa kaya akiondoka kituoni. Au akifariki."

"Sawa," akasema, akaondoka na karatasi yake.

Tuliujaribu mfumo kwa familia tatu za kubuni. Wakuu wa kaya wote watatu walikuwa na afya njema.

Mfumo ulifanya kazi miezi kadhaa bila lawama. Asubuhi moja karani wa kituo, kijana aitwaye Muhindo, alinipigia simu.

"Madam, kuna watoto wanne hapa. Mfumo unasema wamekufa."

"Wenyewe wako wapi?"

"Wako mbele yangu. Mmoja anakula muwa."

"Basi andika kwamba wako hai."

"Unakataa. Unasema aliyekufa hafunguliwi."

Nilimchukua Mbusa, tukapanda pikapu ya ofisi kwenda Bwera. Njiani aliuliza swali moja tu, kama mkuu wa kaya ile amefariki. Nilipiga simu kuuliza. Ndiyo, alikuwa mama mzee, alifariki kwa ugonjwa, akazikwa wiki iliyopita. Mbusa aliangalia dirishani mpaka tulipofika.

Mbele ya meza ya Muhindo alikuwa amesimama mwanamke mnene mwenye kitenge cha njano, Mama Kavira, ambaye huko Beni alikuwa akiuza mafuta ya mawese. Hakuwa ndugu wa watoto wale. Hema lake lilikuwa jirani na la bibi yao, ndiyo basi. Watoto walijipanga nyuma yake: Masika, msichana wa miaka kumi na miwili hivi, wavulana wawili wa katikati, na mdogo kabisa, Paluku, mwenye muwa.

"Mama, ni weye uliandika hii mashini?" Mama Kavira aliniuliza.

"Ni sisi."

"Mukaka yabo alikufa, ni kweli. Tulimuzika." Mukaka kwetu sote, Wakonzo wa huku na Wanande wa kule, ni bibi mzaa mama au mzaa baba. "Lakini batoto beko hapa. Uone. Huyu iko hata na mafua."

"Nimeona, mama."

"Sasa kama weye unaona, juu ya nini mashini haioni?"

Muhindo aligeuza skrini upande wetu. Jina la bibi lilikuwa juu, na mbele yake: imefungwa, kifo. Chini yake majina manne, na mbele ya kila jina: imefungwa, kifo. Tarehe ilikuwa moja. Karani aliandika kifo kimoja. Mfumo ukaifunga kaya. Kaya ikawafunga waliomo. Na kila mmoja akarithi sababu.

"Mbusa, hii ni nini?" Niliuliza kwa sauti ambayo siipendi ninapoikumbuka. "Nani alikuambia uwaue watoto?"

"Mchoro, Madam. Nilifanya ulivyosema mchoro."

"Mtu mwenye akili angejua..."

"Nilikuuliza kama umeikusudia."

Tulikuwa tunabishana hivyo mbele ya watu. Masika alikuwa amesogea pembeni ya meza, anasoma skrini polepole, mdomo ukicheza.

"Inasema tulikufa," alisema. Kisha akamtazama Muhindo. "Tulikufa na nini?"

Muhindo aligeuza skrini ukutani. Nilimpa Mama Kavira kiti, nikamwomba Muhindo awapatie watoto chakula chao kwa karatasi na kalamu, kama zamani, na akafanya hivyo. Alipomaliza alinivuta kando.

"Madam, kuna jambo lingine. Juzi baba mmoja alipiga simu kutoka Butembo. Anaitwa Kambale. Alitaja majina manne, akataja na la mama yake mzazi. Niliyatafuta."

"Ukamwambia nini?"

"Nilisoma kilichoandikwa. Nilimsomea moja moja, maana aliniomba nirudie. Nikamwambia pole."

Nimefanya kazi hii miaka mingi na nimeona programu zikianguka kwa kila namna. Ile haikuwa imeanguka. Kila kitu kilikuwa kimefanya kazi sawasawa, kuanzia karatasi yangu mpaka sikio la yule baba. Nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya karani, nikaufungua mchoro, nikakiangalia kile kipembenne. Nilikuwa nimekijaza wino vizuri sana, bila kuvuka ukingo.

Namba ya Kambale ilikuwa bado kwenye simu ya dawati. Nilimpigia mimi mwenyewe.

"Mzee Kambale, ninapiga kutoka kituo cha Bwera. Kulikuwa na kosa. Watoto wako wako hai."

Akajibu: "Mama, usinichezee. Tulisha kumaliza matanga." Akakata.

Nilipiga tena. Mara hii alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kwamba watu wa namna yangu anawajua, kwamba baadaye nitamwomba atume kitu, na kwamba Mungu ananiona. Akakata. Mara ya tatu nilimpa simu Masika.

"Papa," alisema.

Sikusikia jibu. Niliona tu kwamba msichana amekunja uso, kama mtu anayeulizwa swali la shule.

"Hatukukuwa na mbuzi," alisema. "Tulikuwa na sungura. Weye ndiye ulisema mbuzi inakula nguo."

Alinirudishia simu. Niliweka sikio. Nilisikia mtu akivuta kiti au ndoo, akakaa. Mwishowe akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama barabara ya kuja Mpondwe imefunguliwa.

Haikuwa imefunguliwa yote. Alisema atakuja kwa vipande vya njia.

Siku zile za kumngoja tulizitumia hivi. Kwanza tulipitia daftari zima, Mbusa, Muhindo na mimi, kutafuta kila mtu aliyefungwa siku moja na mkuu wa kaya yake. Tulikuta kaya nyingine nane. Katika kaya moja mkuu hakuwa amekufa, alikuwa amerudi Beni kuangalia shamba. Kwa hiyo mkewe na watoto waliandikwa kwamba wamerudi Beni, nao walikuwa hemani wakishangaa kwa nini hawaitwi. Tulikwenda hema kwa hema. Ni kazi isiyofurahisha kumwomba mtu athibitishe kwamba yupo. Wengi walicheka. Mzee mmoja alitaka kujua nani anauliza.

Pili, tuliketi na mchoro. Nilimwambia Mbusa kwamba nilikosea, na kwamba maneno niliyomwambia mbele ya watu sikustahili kuyasema.

"Ningeuliza mara ya pili," akasema.

"Uliuliza mara ya kwanza. Ilitosha."

Muhindo alileta viberiti na kikombe cha maharagwe. Kiberiti kilikuwa kaya, haragwe lilikuwa mtu. Tulipanga mezani kila hali tuliyoweza kuifikiria, na kwa kila hali tukauliza: mchoro huu unairuhusu au unaikataza? Haragwe ndani ya kiberiti. Haragwe nje ya kiberiti. Haragwe moja katika viberiti viwili. Kiberiti kitupu. Kiberiti kimeondolewa mezani, na maharagwe yaliyokuwamo je? Niligundua kwamba kwa muda wote ule nilikuwa nikidhani maana ya mchoro ni kile nilichokuwa nikifikiri wakati wa kuuchora. Sivyo. Maana ya mchoro ni hali zote unazoziruhusu, na zile unazozikataza, na mwenye kuuchora hana ruhusa ya kuongeza neno pembeni baada ya ndoa kufungwa.

Muhindo, ambaye hakuwa amesomea mambo haya, ndiye aliyetusumbua zaidi. "Mtoto aliyefika peke yake, anaingia kiberiti gani?" Tulibishana siku mbili. Mbusa alitaka mtoto asiye na kaya akatazwe, ili mfumo uwe safi. Muhindo alisema mwezi uliopita amewapokea watatu, na hakuwaona kama uchafu. Tukaliacha haragwe mezani, peke yake, halali.

Kutokana na meza ile tuliandika kamusi ya alama, ile mnayoiona imebandikwa ofisini na ambayo mtu fulani amechora mpira juu yake. Kila alama ilipewa sentensi moja tu inayoweza kuwa kweli au uongo, na mfano wa hali inayokatazwa. Almasi nyeusi tuliiandikia sentensi yake: kizima kikifutwa, sehemu zinafutwa. Tukaona inafaa kwa mistari ya ankara na kurasa za daftari, na haifai kwa kiumbe chochote kinachopumua. Almasi nyeupe tuliitafutia sentensi kutwa nzima, tukagundua kwamba haisemi kitu ambacho mstari mtupu hausemi, tukaipiga marufuku. Vitabu vyenyewe havikubaliani juu yake; sikuona kwa nini sisi wa Kasese tuwe wa kwanza kukubaliana.

Kambale alifika siku ya soko, mpaka ukiwa umejaa watu wenye mizigo. Alikuwa mrefu kuliko nilivyomdhania kwa sauti, amevaa koti la mvua, kichwa kimenyolewa. Kilikuwa kimenyolewa kwa matanga ya watoto wale wale waliokuja mbio kumlaki. Wale wa katikati walimshika mikono. Masika alisimama kwanza, akamtazama kichwa, akafahamu, akamkumbatia. Paluku hakumtambua, alijificha nyuma ya kitenge cha Mama Kavira, na Kambale hakumlazimisha. Alichuchumaa tu hapo, akawa anazungumza na wengine, mpaka mtoto akatoka mwenyewe kuangalia kile kichwa kwa karibu.

"Wasingya," alimwambia Mama Kavira, akamshika mkono kwa mikono miwili. Hilo ni ahsante, nasi huku tunalisema vilevile.

"Ni kazi ya majirani," Mama Kavira akajibu. "Lakini huyu mudogo anakula kama watu wawili. Ujue."

Tukaingia ofisini kwa Muhindo. Kambale alikaa mbele ya meza, akauliza ni nani aliyemsomea majina. Muhindo alisimama, akasema ni yeye.

"Ulisoma muzuri," Kambale alisema. "Pole pole. Hukufanya haraka." Kisha: "Na nani aliandika?"

"Niliyechora ni mimi," nilisema. "Kosa lilikuwa langu. Niliweka alama iliyosema kwamba mkuu wa nyumba akifa, wa nyumbani wote wamekufa. Sikukusudia kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyosema."

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali. Hakuyasema. Aliuliza sasa kinafuata nini, Muhindo akamweleza: kwa kuwa barabara ya kurudi si salama, atakaa kituoni na wanawe, kwa hiyo ataandikwa yeye kuwa mkuu wa kaya, na watoto wataandikwa chini yake. Muhindo aliweka vidole kwenye vibonyezo.

"Ngojea," Kambale akasema. "Na miye nikikufa?"

Katika siku zote za viberiti, na miezi yote kabla yake, hakuna mtu ofisini kwetu aliyeuliza swali hilo kwa maneno machache hivyo.

"Wanabaki," nilisema.

"Unionyeshe."

Mbusa alikuwa amekuja na kompyuta yake yenye nakala ya majaribio. Aliifungua, akaandika kaya ya Kambale na watoto wanne kama walivyo. Kisha akamtazama yule baba, kama daktari anavyomtazama mtu kabla ya sindano, akabonyeza. Mbele ya jina la Kambale pakatokea: amefariki.

Kambale alisogeza kiti. Aliweka kidole kwenye kioo, akasoma moja moja, kwa sauti. "Masika, iko. Mumbere, iko. Kasereka, iko. Paluku, iko." Akahesabu tena, kutoka chini kwenda juu. "Bote bane. Ni muzuri." Akaegemea. "Sasa unirudishe."

Mbusa aliniangalia. Nilijua anachotaka kusema. Tulikuwa tumerekebisha kifo kisiambukize, lakini mtu mwenyewe akishaandikwa amekufa, hapakuwa na mshale wa kutoka hapo. Wale watoto wanne tuliwafungua kwa mkono, kwa kuingia ndani ya daftari lenyewe.

"Mzee, hii ni nakala tu," Mbusa alimwambia kwa upole. "Kesho naifuta yote. Kwenye daftari la kweli uko hai, hata hujaandikwa bado."

"Naelewa. Lakini miye siwezi kutoka hapa nikiwa nimekufa mu mashini yako." Hakuwa amekasirika. Alivua koti lake la mvua, akalikunja, akaliweka juu ya magoti. "Nangoja."

Kwa hiyo tulifanya kazi naye akitungoja. Nilichukua karatasi, nikachora kisanduku cha "Yupo" na kisanduku cha "Amefariki", na mshale wa kurudi. Niliandika sentensi ya mshale kabla ya kuupa Mbusa: anarudishwa aliyeandikwa kwa makosa, watu wawili wanaomjua wakishuhudia kwamba wamemwona. Mbusa aliisoma mara mbili, akauliza maswali matatu, nikayajibu yote kwa maandishi. Mama Kavira alileta mihogo ya kuchemsha. Alasiri Mbusa akasema iko tayari, na kwamba sasa mfumo unataka mashahidi wawili.

"Miye namuona," Mama Kavira akasema. Muhindo akaandika jina lake.

"Wa pili?"

Masika aliinua mkono kama aliye darasani.

Muhindo alisita, Mbusa akageuka kwangu. Hatukuwa tumeandika popote shahidi awe na umri gani.

"Mwandike," nilisema.

Akaandika. Masika alisogea mezani, akamtazama baba yake kuanzia viatuni mpaka kichwani, bila haraka, kama aliyeagizwa kuhakikisha.

"Ni yeye," alisema. "Iko muzima."

Mbusa akabonyeza. Kambale alisoma mstari wake, akasimama, akavaa koti.